Kaa wa kombe ameonekana Mbeya: jinsi ya kumtambua ni wa spishi gani

Nyanda za Juu Kusini hazina kaa wa kombe wa asili. Hayupo Mbeya, hayupo Iringa wala Njombe, na Ziwa Nyasa halina hata mmoja. Tunayemwita hapa kaa wa kombe ni yule mwenye tumbo laini, anayelificha ndani ya kombe la konokono aliyekufa na kutembea nalo kokote aendako. Ni kiumbe wa bahari na fukwe zake. Akionekana anatambaa sakafuni Uyole, Mbeya, au chini ya meza ya muuza mapambo sokoni Iringa, ujue amebebwa.

Njia rahisi ya kufika huku ni mfuko wa makombe yaliyookotwa ufukweni. Kaa wa nchi kavu akisumbuliwa hujifungia ndani na kutulia tuli. Mfuko unapanda basi Dar es Salaam, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800 lile "kombe tupu" linaota miguu usiku juu ya kabati. Ipo njia ya pili: biashara ya wanyama wa kufuga, inayowahamisha kaa hawa kutoka bahari moja hadi nyingine. Kujua ni njia ipi kati ya hizo mbili ndiyo sababu kubwa ya kutafuta spishi. Kaa wa Bagamoyo aliyepotea njia ni jambo dogo. Kaa wa Karibi aliyefika Tanzania ni taarifa nzito, kwa sababu hakuja peke yake: kuna mtu aliyemleta, na huenda wako wengine.

Wanaojaribu kumtambua kwa mara ya kwanza hutazama kombe, kisha rangi. Vyote viwili vinadanganya. Kombe si mwili wake, amelivaa tu, na kesho anaweza kuvaa jingine. Rangi nayo hubadilika kwa umri, kwa chakula na kila anapojibambua ganda. Penye jibu ni gando la kushoto, na hapo ndipo tutakapokaa muda mrefu.

Kwanza mtulize na umpashe joto

Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Kaa huyu anahitaji nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi. Chini ya 20 hulegea, hujikunja ndani na hatoki, na watu humtupa wakidhani amekufa. Kabla ya kumhukumu, mpe saa 24 za joto.

Chukua ndoo ya lita 20. Tia mchanga safi kina cha sentimita 10, uulowanishe mpaka ukiufinya ushikamane bila kutoa maji. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie kanga, ilaze upande mmoja wa ndoo ili kaa achague mwenyewe kusogea au kukaa mbali. Funika kwa kifuniko chenye matundu machache tu. Hewa ya kiangazi huku ni kavu, na kaa wa nchi kavu bado anapumua kwa mashavu ambayo lazima yabaki na unyevu. Yakikauka, anakufa hata kama amekula na kushiba. Usiweke ndoo karibu na jiko la mkaa linalowaka, wala kwenye chumba kilichopuliziwa dawa ya mbu au mende.

Weka vyombo viwili vifupi vya maji. Kimoja kiwe na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyolala wazi siku nzima ili klorini ya bomba ipungue. Cha pili kiwe na maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita. Chumvi ya mezani si sawa na bahari, lakini kwa siku chache inatosha. Ndani ya kila chombo weka jiwe la kupandia, maana akitumbukia asiweze kutoka atazama.

Hakikisha ni kaa wa kombe kweli

Mito yetu ina kaa wake halali, wa jenasi Potamonautes, na hao wasiguswe. Kaa wa mtoni ana gamba pana na gumu mgongoni, jozi nne za miguu ya kutembelea zinazoonekana wazi, na tumbo lililokunjwa chini ya kifua kama ulimi wa mkoba. Havai kombe hata siku moja. Kaa wa kombe huonyesha magando mawili na jozi mbili tu za miguu mirefu. Jozi mbili za nyuma ni fupi, ziko ndani, na kazi yake ni kushikilia kombe.

Kuna mgeni mwingine anayechanganywa naye kwa jina tu, na huyo anastahili hofu zaidi: kamba wa maji baridi mwenye magando, mwenye umbo kama kambakochi mdogo. Spishi ya Cherax quadricarinatus, asili yake Australia na Papua Guinea Mpya, imekwisha kukita mizizi Zambia, katika mto Kafue na ziwa Kariba. Yeye huzaa kwenye maji baridi bila kuhitaji bahari. Ukikuta kiumbe mrefu, mkia umenyooka na umetanuka kama upepeo mwishoni, acha mwongozo huu na umwarifu afisa uvuvi siku hiyo hiyo.

Wa nchi kavu au wa baharini?

Kaa wa kombe wa baharini akifika Mbeya ndani ya mfuko mkavu huwa amekwisha kufa, na harufu itakuambia. Aliye hai na mchangamfu baada ya siku tatu bila maji ya bahari karibu kila mara ni wa jenasi Coenobita, yaani wa nchi kavu. Hata hivyo thibitisha kwa macho.

Tazama vikonyo vya macho. Vya Coenobita vimebanwa ubavuni, vipana vikitazamwa kwa upande na vyembamba vikitazamwa kwa juu. Vya wale wa baharini ni vya mviringo kama njiti ya kiberiti. Kisha tazama ile jozi ya vipapasio iliyo katikati, kati ya macho. Kwa Coenobita ni mirefu, inapinda kama kiwiko, na ncha yake ni butu kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Huipigapiga hewani akinusa. Mwisho linganisha magando. Kwa Coenobita la kushoto ni kubwa. Ukikuta la kulia ndilo kubwa, unaye wa familia ya Paguridae, wa baharini. Yakilingana au yakikaribiana, fikiria Clibanarius, anayejaa kwenye mikoko na madimbwi ya maji kupwa.

Angalizo moja: kaa aliyepoteza gando la kushoto huliotesha upya, na kwa muda huwa dogo kuliko la kulia. Ukiona gando la kushoto dogo, laini na lenye rangi iliyopauka kuliko miguu, usiseme "Paguridae". Rudi kwenye macho na vipapasio.

Gando la kushoto

Huwezi kuliona vizuri akiwa amejifungia, kwa sababu hilo gando, likisaidiwa na mguu wa kushoto, ndilo mlango wake. Usimvute. Kaa wa kombe huacha mwili ukatike kuliko kuachia kombe, na tumbo likichanika amekufa. Usichome kombe kwa kiberiti wala kulitia maji ya moto. Watoto hufanya hivyo, na anayetoka hapo hatapona.

Osha mikono bila sabuni yenye manukato, ilowanishe, kaa kwenye chumba chenye joto. Laza kombe kwenye kiganja kilichonyooshwa, mlango ukitazama juu kidogo, na utulie dakika 10 hadi 20. Watu wanaopitapita na kuongea humrudisha ndani. Akianza kutoka hutanguliza miguu, kisha macho, kisha gando. Nyosha kiganja chako chote kiwe tambarare kama meza, kwa sababu ngozi iliyokunjamana ndiyo anayoifinya.

Sasa leta mwanga wa pembeni: dirisha la asubuhi, au tochi ya simu iliyowekwa chini, usawa wa kaa, isimulike kutoka juu. Mwanga wa juu hufuta kila kitu. Tazama uso wa nje wa kiganja cha gando la kushoto, yaani sehemu yake pana, kwenye kona ya juu. Unatafuta mstari wa vijitutu virefu vilivyolala mshazari, vimepangana sambamba kama mishono ya cherehani. Ukipitisha kijiti cha meno juu yake polepole utahisi kinakwaruza kama kitana.

Mishono ikiwepo, na kaa anatoka pwani yetu, wa kwanza kumfikiria ni Coenobita rugosus. Huyu anapatikana kuanzia Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Rangi yake haina mwenyewe: kuna wa krimu, wa kijivu, wa kahawia na wa kijani hafifu, hata kwenye ufuo mmoja.

Mishono isipokuwepo, na gando lina chembechembe za kawaida tu, mfikirie Coenobita cavipes, naye ni wa pwani ya Afrika Mashariki. Huwa na rangi ya kahawia iliyoiva, na vipapasio vyenye wekundu. Ikiwa gando halina mishono, ni laini, limevimba kama yai na lina rangi ya zambarau, simama. Hapo kuna wawili. Coenobita brevimanus ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, anakua mkubwa, na vikonyo vya macho yake ni virefu na bapa. Coenobita clypeatus ni wa Karibi, ndiye anayeuzwa sana Marekani, na macho yake yanaonekana ya mviringo zaidi, miguu ikiwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Kati ya hawa wawili usitoe jibu kwa rangi ya zambarau peke yake.

Mishono ipo lakini mwili wote ni mwekundu kama nyanya, umenyunyiziwa chembe nyeupe? Huyo ni Coenobita perlatus aliyekomaa. Wadogo wake huwa weupe na hudhaniwa kuwa rugosus. Mishono ipo na macho ni marefu, na kuna habari kwamba alinunuliwa Amerika? Fikiria Coenobita compressus wa pwani ya Pasifiki ya Amerika.

Kaa mdogo mwenye gando lisilofikia milimita 5 ni mtego. Mishono yake inaweza kuwa hafifu kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu. Tumia lenzi ya kukuza mara 10, na kama bado huoni, andika "haionekani", usiandike "haipo". Hayo ni maneno mawili tofauti na atakayesoma kumbukumbu yako anayahitaji yote mawili.

Ukikosa kumwona kwa utulivu, subiri ajibambue. Hujichimbia mchangani kwa wiki kadhaa, na ganda la zamani la gando hubaki na mishono yake yote. Lakini huyo kaa hulila ganda hilo ili kurudisha madini mwilini, basi chukua kipande cha kiganja cha kushoto tu na umwachie mengine. Usimfukue kabla hajatoka mwenyewe. Mwili wake bado ni laini kama ngozi iliyolowa.

Tukizungumzia wakubwa: kaa wa nazi, Birgus latro, ni ndugu wa familia hiyo hiyo. Mkubwa hana kombe na tumbo lake limekuwa gumu. Hufikia kilo 4. Mdogo wake huvaa kombe kama wengine. Yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ni moja ya mahali anapolindwa. Akionekana bara, wahusika wa uvuvi na wanyamapori waarifiwe kwanza, utambuzi ufuate.

Kombe linasema nini, na halisemi nini

Lipige picha, liandike, ila lisikutajie spishi. Kombe la tondo wa mikoko linaonyesha kaa alipita penye mikoko. Kombe la konokono mkubwa wa shambani, Achatina, halithibitishi kwamba alivikwa huku Mbeya, kwa sababu hata pwani kaa hawa huyavaa. Kombe lililopakwa rangi au kung'arishwa ni dalili ya biashara. Kombe zito lenye madoa meusi na meupe, la konokono wa Karibi aitwaye Cittarium pica, lina uzito wa ushahidi kwa clypeatus, lakini nalo huuzwa likiwa tupu.

Picha

Piga kabla ya lolote jingine kumpata, kwa sababu akifa wekundu huondoka ndani ya siku chache. Tumia mwanga wa kivulini saa za asubuhi, bila flashi. Weka rula yenye milimita kwenye kila picha, ikiwa katika usawa wa kaa. Zinazohitajika zaidi ni gando la kushoto kutoka nje, likiwa limejaza fremu. Macho na vipapasio kutoka mbele. Macho kutoka ubavuni. Miguu ya kushoto yote. Na kombe kutoka juu na upande wa mlango. Simu nyingi hushindwa kulenga karibu. Rudi nyuma sentimita 20, kuza mara mbili, piga picha kumi, chagua moja. Picha ya kombe likiwa kwenye kiganja, kaa amejificha, haitambuliki na mtu yeyote duniani.

Kuuliza alikotoka

Mwenye nyumba mara nyingi anaogopa kwamba ameshtakiwa, na mtoto aliyemleta anaogopa zaidi. Salimia vizuri kwanza, kisha uliza vitu, usiulize makosa: "Shikamoo mama. Haya makombe mazuri, mliyapata wapi? Yalifika lini? Kuna mengine?" Omba kuyaona hayo mengine na uyatazame moja moja kwenye beseni lenye mchanga wenye joto. Ukimkuta kaa mmoja kwenye mfuko, tegemea wa pili.

Andika tarehe aliyoonekana, tarehe mfuko ulipofika, ufuo wenyewe ikiwezekana, kata na wilaya, na namba za GPS kutoka kwenye simu. Hapo angalia alama ya kutoa. Mbeya mjini ni kama -8.9, 33.4. Ukiisahau alama hiyo umemweka kaa wako karibu na mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia, na kosa hilo huishi kwenye ramani miaka mingi.

Akifa

Usimuue ili umtambue. Picha nzuri na ganda la gando vinatosha kwa kazi nyingi. Akifa mwenyewe, mtie kwenye friza usiku ule ule. Baadaye mvute taratibu, mwili uliolegea hutoka bila kukatika. Mhifadhi mzima, pamoja na tumbo na miguu midogo ya nyuma, kwa sababu mtaalamu atatazama vitako vya mguu wa tano wa dume, yaani vipande vya shina la mguu, vinavyotofautiana kati ya spishi na spishi.

Tumia ethanoli ya asilimia 70 kwa umbo. Ikiwa vinasaba vitapimwa, kata kwanza mguu mmoja wa kulia uuweke kwenye ethanoli ya asilimia 95. Kipimo ni sehemu moja ya kaa kwa sehemu tatu za ethanoli au zaidi, na uibadilishe baada ya saa 24, kwani maji ya mwili huipunguza nguvu. Spiriti ya buluu humtia rangi. Gongo haifai, ni dhaifu na atavunda. Fomalini huharibu vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka na kukuachia karatasi tupu.

Kama una kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo, pima urefu wa ngao, yaani ile sehemu ngumu ya mbele ya gamba la mgongo, kuanzia ncha ya katikati kati ya macho hadi kwenye mkunjo wake wa nyuma, kwa milimita. Urefu wa kombe haumpimi kaa.

Asiachiwe

Usimpeleke mtoni, wala ufukweni Matema kwenye Ziwa Nyasa, wala Ziwa Rukwa kwa kisingizio kwamba maji yake yana magadi. Coenobita hawezi kuzaliana huku: jike hupeleka mayai baharini, na lava wake, yaani watoto wanaoanguliwa, hukulia baharini kabla ya kutafuta kombe la kwanza. Kyela kuna joto, ataishi muda mrefu kidogo kuliko Makete kwenye baridi, na kisha atakufa. Anachoweza kuacha ni vimelea, na mkanganyiko kwa atakayemwona baadaye. Kumrudisha pwani nako kuna masharti yake: ufuo ule ule alikotoka uwe unajulikana, asiwe amechanganywa na kaa wengine wa kufugwa, na afisa uvuvi wa halmashauri awe amekubali. Bila hayo matatu, abaki kwenye ndoo na atunzwe.

Kuandika jina

Peleka picha na maelezo kwa afisa uvuvi, kwa kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Kyela, au kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Zipandishe pia iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe walioonekana, na kwenye sehemu ya kuonyesha kama ni mnyama wa porini au wa kufugwa, weka kwamba yuko chini ya mikono ya watu, la sivyo ramani itadai kaa wa bahari anaishi porini Mbeya. Andika jina hadi pale ushahidi wako unapofika. Umeona mishono wazi, macho bapa, na mfuko ulitoka Bagamoyo: andika Coenobita rugosus, na utaje alama ulizoziona. Umeona macho na vipapasio tu, gando hakulionyesha: andika Coenobita sp., weka picha, na uache hapo.